Ramani ya Kazi: Somo Kutoka Njia Panda ya Tabora



Mwezi huu twataka kujifunza jambo dogo ambalo mtu aweza kulifanya kwa kipande cha karatasi na penseli, na kama hana karatasi, kwa kijiti katika mchanga uliofagiwa. Jambo lenyewe ni kuchora kazi zetu kabla ya kuzianza, ili tuone ipi itangulie na ipi ifuate. Watu wa shule huliita ramani ya mawazo. Mwingereza mmoja, Tony Buzan, ndiye aliyelieneza jina hilo tangu mwaka wa 1974. Yeye alifundisha watu kuandika neno moja katikati ya karatasi, kisha kulichipuzia matawi pande zote, na kila tawi vitawi vyake. Walakini kuchora namna hii si jambo jipya, maana walimu wa Ulaya wa zamani walikuwa wakichora mti wa maarifa, nao waliuita kwa jina la Porphyrios, mwanafalsafa wa karne ya tatu.

Kwanza niungame kosa langu, maana ndilo lililonifanya nijifunze.

Miaka kadhaa iliyopita niliwekwa kuwa mwandishi wa halmashauri iliyoandaa mkutano wa kwaya katika kijiji kimoja cha upande wetu wa Unyamwezi. Wageni 140 walitazamiwa, nao wangekaa siku 3. Nikaandika orodha ya kazi zote, zikawa 23, moja chini ya nyingine, kama nilivyozikumbuka. Nikaanza juu nikashuka. Nikaandika barua za mwaliko kwa mwandiko mzuri. Nikasimamia kupakwa chokaa mawe ya njia. Nikatafuta kitambaa cha meza ya wageni wakuu. Kazi ya 17 ilikuwa maneno matatu tu: bomba la kisima. Bomba hilo lilikuwa limeanza kuvuta hewa, na fundi alikuwa amesema kwamba kipande chake cha mpira hakipatikani ila mjini. Nilipoifikia namba ile zilikuwa zimesalia siku 2, na basi la mjini halikuja, kwa kuwa mvua za kwanza zilikuwa zimeharibu njia. Wageni wakafika, na jioni ya siku ya kwanza bomba likafa.

Basi kwa siku tatu wanawake wa kijiji walikwenda kuteka maji bondeni, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi, ili wageni wetu wanywe na kupikiwa. Nalo lilikuwa ndilo juma la kupanda. Mvua ikanyesha siku zile tatu, kisha ikasimama karibu majuma mawili. Mama mmoja mjane, jirani yangu, hakuweza kupanda hata ilipokuja mvua ya pili. Mwezi wa Februari jua lilipokaa muda mrefu, mahindi ya wenzake yalikuwa yamekwisha kushika punje, na yake ndiyo kwanza yalikuwa yakichanua. Alivuna debe chache. Hakunigombeza, aliniambia tu, “Mwalimu, mliwapa wageni mvua yetu.”

Neno hilo lilinikalia moyoni. Nikaitoa ile orodha nikaitazama tena. Hapakuwa na uvivu ndani yake, maana karibu kila kazi ilikuwa imekatwa mstari. Kosa lake lilikuwa lingine. Orodha huvipanga vitu kama askari katika mstari, wote kimo kimoja. Kitambaa cha meza kilikuwa na mstari mmoja, na maji ya watu 140 yalikuwa na mstari mmoja. Tena orodha haionyeshi kazi ipi imeibeba nyingine mgongoni. Ndipo nikaanza kutafuta namna nyingine ya kuandika, na mfano mzuri niliuona hapa hapa kwetu, katika njia ya zamani ya misafara.

Mtu akiitazama ramani ya Tanzania ataona kwamba reli iliyotoka Dar es Salaam, ambayo ilifika Tabora mwaka wa 1912, inagawanyika hapo. Moja yaendelea Kigoma, nayo ilimalizika mwaka wa 1914. Nyingine yageuka kaskazini kwenda Mwanza, nayo ilifika huko mwaka wa 1928. Reli zimefuata jambo lililokuwapo kabla yake. Karne ya 19 nchi ya Unyanyembe, yenye mji wa Tabora, ilikuwa kama kitovu. Njia ya mashariki ilishuka hata Bagamoyo. Ya magharibi ilikwenda Ujiji. Ya kaskazini ilikwenda Karagwe na Buganda, na ya kusini ilikwenda Ufipa hata Katanga. Pembe za ndovu zilipita hapo, na nguo na shanga, na pamoja na hizo wanadamu waliofanywa watumwa. Hatuwezi kuisifu njia ile tukalisahau hilo. Lakini kwa somo letu yatosha kuona umbo lake: mahali pamoja katikati, na matawi pande zote. Na kila aliyefika Tabora alilazimika kuamua ni tawi lipi alishike kwanza. Aliyekosea hapo alipoteza majira mazima, na mara nyingine alipoteza watu.

Basi tuanze kuchora. Neno la kwanza ni lile la katikati. Mtu asiandike katikati “Kazi zangu”, maana hilo halimwambii kitu. Aandike lile analotaka liwe limetimia mwishoni. Hapo nawakumbuka Abdullah Susi na James Chuma na wenzao. David Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwaka wa 1873, kusini ya ziwa Bangweulu, wao waliuzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili, wakashika njia ya pwani. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta huko Bwana Cameron, ofisa Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Yeye akawashauri wauzike mwili hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na hatari. Shauri hilo halikuwa baya, tena lilitoka kwa mtu mwenye cheo. Lakini katikati ya ramani yao palikuwa pameandikwa jambo moja, kumfikisha bwana wao pwani apelekwe kwao, nao wakakataa. Mbele kidogo, mahali paitwapo Kasekera, watu wa nchi hawakutaka maiti ipite kwao. Susi na Chuma wakafanya mzigo wa mabua, wakautuma nyuma kama ndio mwili unaorudi kuzikwa Unyanyembe. Na waliouchukua wakayatupa mabua porini, wakarudi usiku kwa siri. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama mtumba wa nguo, ukapita. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo, miezi tisa baada ya kutoka Chitambo. Mtu asiyejua neno lake la katikati hawezi kujua ni shauri lipi jema alikatae.

Nami nilipoitazama kazi yangu ya zamani, niliona kwamba katikati, ingawa sikuandika, palikuwa na maneno haya: mkutano upendeze. Ndiyo sababu chokaa ilitangulia bomba. Ningaliandika, “Wageni 140 wakae siku 3 bila kumwumiza mwenyeji,” matawi yangalichipuka mengine.

Baada ya katikati huja kumwaga yote yaliyomo kichwani, bila kuchagua na bila kuona haya. Hapo wengi hukosea, wakataka kupanga wakati uleule wa kukumbuka. Tusifanye hivyo. Tawi moja laitwa maji, lingine chakula, lingine malazi, lingine barua, na kila neno linalokuja lipewe kitawi chake. Kama halina mahali, liandikwe pembeni.

Mfano wa kumwaga namna hii ulifanyika katika pwani yetu. Jakob Erhardt na Johannes Rebmann walikuwa watu wa Württemberg waliotumwa na Church Missionary Society. Hawakuwahi kufika Unyamwezi. Lakini Erhardt, alipokaa Tanga mwaka wa 1854, aliwauliza watu wa misafara habari za bara, njia kwa njia, kituo kwa kituo. Kila aliyetoka bara alisema kwamba njia yake iliishia kwenye maji makubwa. Waliotoka Kilwa walisema hivyo, na waliokwenda Ujiji vilevile. Basi wakaviweka vyote katika karatasi moja, wakachora ziwa moja kubwa kupita kiasi, nalo wakaliita bahari ya Unyamwezi. Ramani hiyo ilipigwa chapa Ulaya mwaka wa 1855 na 1856. Wataalamu wa London walicheka, maana ziwa lile lilifanana na konokono asiye na nyumba yake.

Nami siwacheki. Ramani ile ilikuwa na kosa kubwa, lakini kabla yake hapakuwa na kitu cha kusahihisha. Nayo ndiyo iliyokuwa sababu mojawapo ya Burton na Speke kutumwa huku. Kosa lililoandikwa laweza kuonwa na mwingine. Lililobaki kichwani laonwa na nani?

Burton na Speke walifika Tabora, ambayo wao waliiita Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857. Wakapokewa na Mwarabu wa Omani, jina lake Snay bin Amir, mfanya biashara aliyekuwa amekaa na kusafiri sana katika nchi hizi. Huyu akawaambia kwamba ziwa lile si moja, ni matatu. La kusini ni Nyasa, la magharibi ni lile la Ujiji, na la kaskazini ni jingine. Akawaeleza na njia zake. Burton na Speke wakaenda Ujiji kwanza, wakaifika Tanganyika Februari 1858, wakarudi Tabora. Na mwezi wa Julai Speke alishika njia ya kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay, naye mapema mwezi wa Agosti alikuwa akilitazama ziwa Nyanza karibu na Mwanza. Yule konokono alikatwa vipande vitatu barazani Tabora, na mtu aliyejua kwa miguu yake, kabla Burton na Speke hawajayaona maziwa yale hata mara moja.

Hii ndiyo hatua ya tatu: ukiisha kumwaga yote, mwonyeshe karatasi yako mtu aliyeipita njia hiyo. Usimwonyeshe rafiki atakayekusifu. Mwonyeshe yule ambaye kazi yako itamgusa. Mara nyingi jambo tuliloliona kuwa kazi moja kubwa ya kutisha, yeye ataligawanya mara tatu, na moja katika hizo tatu yaweza kufanywa kesho asubuhi.

Sasa twafika kwenye kiini cha somo, maana ramani peke yake haijasema ipi itangulie. Wengine hupenda sana kupamba matawi kwa rangi saba na picha, nao wakimaliza wana picha nzuri na kazi haijaanza. Mimi natumia penseli ya kawaida, na penseli moja nyekundu. Kwa ile nyekundu nachora mishale tu. Nauliza kwa kila kazi: ni kazi ipi inayongojea hii? Nachora mshale kutoka kwa inayongojewa kwenda kwa inayongoja. Nikiisha, natafuta ile iliyotoa mishale mingi na isiyopokea hata mmoja. Hiyo ndiyo ya kwanza, hata kama ni ndogo na haina heshima.

Watu wa misafara hawakuchora mishale, walakini waliijua. Tufikiri msafara unaotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, njia ya kilometa 1,200 hivi. Nguo haziendi bila wapagazi, na kila mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani ratili 70. Wapagazi hawaendi bila posho. Posho yanunuliwa kwa nguo zilezile wanazozichukua, na hongo ya watawala wa njiani hulipwa kwa nguo pia. Stanley alipokuwa Unguja mwaka wa 1871 alilalamika kwamba vitabu vya waliomtangulia havikumwambia jambo hili rahisi, yaani nguo kiasi gani kwa watu wangapi. Ikambidi awaulize wafanya biashara Waarabu, nao wakamwambia kwamba watu 100 wapewe doti 10 kwa siku kwa chakula chao. Na shanga nazo hazikuwa neno moja: rangi inayopendwa katika nchi hii hukataliwa katika nchi ile, na mwenye kuchukua zisizofaa amejitwika mawe.

Lakini tukichora mishale yote hiyo tutaona kwamba kuna mambo mawili yanayotoa mishale na hayapokei: maji na majira. Mwenye msafara aweza kuongeza nguo. Hawezi kuongeza kisima katika Mgunda Mkali. Kwa hiyo katika nyika zisizo na maji mwendo wote uligeuzwa. Watu hawakuondoka alfajiri kama desturi. Walipika na kunywa kwanza, wakajaza vibuyu, wakatoka baada ya adhuhuri, wakalala njiani pakavu, na asubuhi wakafika kwenye maji kabla jua halijawa kali. Mwendo huo waliuita terekeza. Hali kadhalika majira: Wanyamwezi wengi walishuka pwani wakati wa kiangazi, na mvua zilipokaribia walitaka kuwa kwao, walime. Mwenye msafara aliyelisahau hilo alikaa Bagamoyo na mitumba yake akitazama bahari.

Nasi vivyo hivyo. Katika kila ramani ya kazi kuna mambo ambayo hatuwezi kuyaamuru, kama mvua, siku ya treni, siku ya kufunga shule, muda wa mbegu kuota na muda wa barua kujibiwa. Hayo yachorewe duara. Kazi zote zinazoyagusa zipangwe kwanza, na zile zilizo mikononi mwetu zijaze nafasi zilizobaki.

Kuna hatari nyingine bado. Mtu aweza kuchora vema, kisha akashika tawi lisilofaa kwa kuwa ndilo linalopiga kelele. Stanley alifika Unyanyembe mwezi wa Juni 1871, naye alikuwa na neno moja katikati: kumwona Livingstone. Akakuta njia ya Ujiji imefungwa. Mirambo wa Urambo alikuwa amegombana na Waarabu wa Tabora. Nao walimwita mnyang’anyi. Lakini Mirambo alikuwa mtawala, tena mfanya biashara, aliyetaka ushuru na sauti katika njia ipitayo nchini mwake. Waarabu wakaamua vita, na Stanley akaona kwamba vita itafungua njia upesi, akajiunga nao na watu wake. Mwezi wa Agosti walikwenda. Sehemu ya jeshi ikaitwaa boma ya Wilyankuru, ikarudi na mateka na pembe, na njiani Mirambo aliwavizia katika majani marefu akawaua wengi, miongoni mwao watu wa Stanley. Waliosalia wakakimbia. Kabla mwezi haujaisha Mirambo mwenyewe aliipiga Tabora.

Stanley akarudi Kwihara, mwenye homa, na siku zinakwenda. Ndipo akatazama tena. Vita haikuwa tawi la kazi yake; ilikuwa kazi ya wengine iliyosimama mlangoni pake. Tarehe 20 Septemba alitoka, akashika njia ya kusini, akazunguka kwa nchi ya Ukonongo, mbali na Mirambo. Kwa hesabu yake aliingia Ujiji tarehe 10 Novemba. Hata hivyo, ni rahisi kwetu kumhukumu tukiwa tumekaa kitini. Njia fupi ilikuwa imefungwa kweli, na rafiki waliomkaribisha walitaka msaada wake. Wangapi kwetu wangekataa? Lakini miezi mitatu ilikwisha pale, na wengine waliokwenda naye vitani hawakurudi.

Kwa hiyo baada ya mishale nachukua tena karatasi, nauliza swali moja kwa kila tawi lenye kelele: nikiliacha hili, lile la katikati litashindikana? Kama halitashindikana, nalipa mtu mwingine, au naliacha. Si kila kilicho katika ramani ni lazima kifanywe. Mara nyingi theluthi ya matawi hukauka kwa swali hilo, wala hakuna anayeyaulizia tena.

Sasa nieleze yaliyotukia nilipochora upya. Halmashauri ilipotaka kuandaa mkutano mwingine, nilichora ramani barazani kwangu, katika karatasi kubwa ya mfuko wa saruji. Mishale mekundu ilinishangaza. Maji yalitoa mishale kwenda upishi, kwenda usafi, kwenda kukandika udongo wa vyoo vipya, hata kwenda kwenye chokaa, maana chokaa nayo huchanganywa na maji! Kazi ile niliyoiandika ya 17 ilikuwa imebeba nusu ya nyingine zote, nami nilikuwa nimeanza na mzigo kabla ya mchukuzi. Kipande cha mpira cha bomba kilikuwa kitu kidogo kuliko vyote katika ile karatasi, nacho kilihitaji safari moja ya mjini, basi. Nikafurahi, nikadhani nimemaliza.

Ndipo nikakumbuka habari ya Snay bin Amir, nikaenda kumwita yule mama mjane. Hakusoma shule nyingi, lakini niliisoma ramani yote mbele yake, tawi kwa tawi, nikimwonyesha kwa kidole. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, “Mwalimu, mbona mvua haimo?”

Nikatazama. Kweli haikuwamo. Nilikuwa nimeandika tarehe ya mkutano katika tawi la barua, kama jambo lililokwisha kuamriwa, nayo ilikuwa tena mwezi wa Novemba, kwa sababu mwaka uliopita ilikuwa Novemba. Sikuwa nimeiuliza tarehe ile inangojea nini. Nikachora duara, nikaandika mvua, nikatoa mshale kwenda tarehe. Toka tarehe mishale ikaenda kila upande: kwenye barua, kwenye chakula (maana baada ya mavuno mahindi huwa ya bei nafuu), kwenye njia ya basi, kwenye malazi (maana wakati wa kiangazi vijana waweza kulala nje), na kwenye maji pia. Bomba lilikuwa la pili. La kwanza lilikuwa kubadili tarehe, kazi ya mazungumzo ya nusu saa katika halmashauri, isiyohitaji hata senti moja.

Walikubali, ingawa mzee mmoja alinung’unika kwamba desturi ni desturi. Mkutano ulifanyika mwezi wa Agosti. Bomba lilitengenezwa Juni. Mawe ya njia hayakupakwa chokaa, na sikumsikia mgeni hata mmoja akiyataja. Yule mama alikuja siku ya pili akakaa nyuma, akala pilau, na wakati wa kupanda ulipofika alikuwa shambani kwake.

Kazi ya mwezi huu kwa vikundi vya walimu ni hii. Kila mmoja achague kazi moja iliyo mbele yake, yenye sehemu zaidi ya kumi. Kwa kazi za sehemu tatu au nne hapana haja ya ramani, kichwa chatosha. Achore katikati lile analotaka litimie, amwage matawi, kisha mishale mekundu, kisha maduara ya mambo asiyoweza kuyaamuru. Kabla ya kuileta kwenye mkutano ampelekee mtu mmoja asiye na cheo, ambaye kazi hiyo itamchosha au itamlisha, amsomee yote, halafu anyamaze asubiri. Yale mtu huyo atakayosema yaandikwe katika karatasi ileile kwa wino, ili tukikutana tuyaone kando ya yale tuliyoyaandika sisi.